Ndoo ya Shangazi

Taulo jeupe likishatandikwa mezani, nyumbani kwa Shangazi hakuna anayepita kwa haraka. Feni inazimwa isirushe vumbi. Dirisha la upande wa barabara linafungwa. Yeye ananawa mikono hadi viwikoni, kama anavyonawa kazini, anaikausha, kisha anaketi. Shangazi ni muuguzi hapa Korogwe, na kamera ni mapenzi yake ya jioni na ya siku za mapumziko. Hajawahi kuuza picha hata moja. Kila mwaka anachukua likizo na kwenda kisiwani kwa siku mbili kupiga picha, na siku hizo mbili anaziandaa kwa wiki tatu. Mwaka huu nilimwomba nikae kando, nimtazame tangu mwanzo hadi mwisho.

Kisiwa chenyewe ni Maziwe, kilomita kama 8 kutoka pwani ya Ushongo, wilayani Pangani. Mto unaopita Korogwe ndio huohuo unaomwaga maji yake baharini pale Pangani mjini, kwa hiyo Shangazi hupenda kusema kwamba yeye anafuata tu maji ya kwao. Katika miaka ya 1970 Maziwe ilikuwa bado na mivinje. Kufikia miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha na bahari ilikuwa imekila kisiwa. Leo ni fungu la mchanga mweupe katikati ya matumbawe, eneo tengefu la bahari, bila mti wala kivuli. Siku za bamvu, maji yakijaa, mchanga wote hufunikwa. Kasa bado hupanda kutaga, na walinzi huyahamisha mayai hadi ufukweni Ushongo yasizame. Mahali panapoonekana kwa saa chache tu hapamsubiri mtu atafute betri.

Kazi ya kwanza ni usafi. Kamera yake aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na lenzi zake ni mbili. Anashika kila lenzi ikiwa imeinama chini, anabonyeza pampu ndogo ya mpira mara nne au tano ili vumbi lianguke lenyewe. Hapulizi kwa mdomo hata siku moja. Pumzi ina mate. Kisha brashi laini, mguso mwepesi kama wa kufukuza nzi juu ya uso wa mtoto aliyelala. Mwisho kitambaa, chenye tone moja la maji ya kusafishia vioo vya lenzi. Anaanzia katikati, anazunguka kidogo kidogo kwenda ukingoni, na harudi katikati na upande uliokwisha kugusa ukingo. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu bila kuinua macho: "Ndivyo unavyosafisha kidonda. Uchafu unausukuma nje, huurudishi ndani."

Baada ya hapo anafungua kopo la chembe za kukaushia unyevu. Amezikusanya kwa miaka kutoka kwenye vifuko vinavyowekwa ndani ya maboksi ya viatu na mikoba. Anazimimina kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo wa mkaa, anazigeuza kwa kijiko cha mti. Miongoni mwake zimo chache za rangi. Zikiwa zimeshiba unyevu huwa za waridi, zikikauka hurudi kuwa buluu, na hizo ndizo shahidi wake. Ilimchukua karibu saa nzima. Hakuongeza mkaa ili zikauke upesi. Zilipogeuka buluu aliziacha zipoe, akazishona ndani ya vipande vya kitambaa cha pamba, vifuko sita vidogo, mshono wa karibu karibu. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na huingia mahali ambapo hata maji hayafiki.

Kisha anachagua lenzi. Anachagua moja na kuifunga kwenye kamera palepale nyumbani, siku kumi na nne kabla ya safari, na haitoki tena mpaka arudi. Kubadilisha lenzi juu ya fungu la mchanga lenye upepo ni kufungua mlango wa kamera na kukaribisha mchanga ndani. Lakini lenzi moja isiyovuta mbali wala karibu inamtaka mpigapicha avute kwa miguu yake, na miguu nayo yapasa kufundishwa. Kwa siku kumi na nne hizo Shangazi alitembea nayo Korogwe: sokoni, stendi, darajani. Mara nyingi hakupiga. Alikuwa akisimama, anakisia ni nini kitaingia katika fremu na nini kitabaki nje, ndipo anainua kamera kuhakiki. Siku za mwanzo alikuwa akirudi nyuma hatua mbili au tatu. Siku ya kumi nilimwona akisimama darajani mara moja tu, akainua kamera, akaishusha, akaendelea na safari. Alikuwa amesimama pale hasa alipopaswa kusimama.

Ugumu mkubwa wa Maziwe ni weupe. Mita ya mwanga iliyomo ndani ya kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina mwanga wa wastani, wa kijivu. Ukiionyesha mchanga mweupe, inaona mwanga umezidi na kuupunguza, na mchanga unatoka mchafu kama majivu. Ukiongeza mwanga bila kipimo, mchanga unaungua na kuwa karatasi tupu, haina punje wala kivuli. Kati ya majivu na karatasi ipo njia nyembamba, na haifai kuitafutia kisiwani saa zinapokwenda. Shangazi anaitafuta kwenye mkonge.

Korogwe ina weupe wake. Katika mashamba ya mkonge, majani yakishapita kwenye korona, mashine inayokwangua nyama ya jani, singa huoshwa na kuanikwa juu ya nyaya, safu kwa safu, kama nywele ndefu za bibi zilizochanwa. Mmea huu ulifika nchini mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf, na miche 62 iliyosalimika ilipandwa Kikokwe, karibu na Pangani. Mkonge ulitoka pwani ukapanda bara, na Shangazi anaupitia kurudi pwani. Aliomba ruhusa kwa msimamizi, akaenda siku tatu, akasimama mbele ya nyaya jua likiwa chini, likiwa la kati, na likiwa utosini. Kila mara alianza na kipimo cha kamera, kisha akaongeza mwanga theluthi kwa theluthi. Ongezeko la hatua moja kamili ni maradufu ya mwanga, kwa hiyo theluthi ni sawa na kuonja chumvi kwa ncha ya kijiko. Baada ya kila picha alitazama grafu ndogo kwenye kioo cha nyuma, ile inayoonyesha mwanga kama kilima. Alitaka kilima kisogee kulia mpaka karibu na ukuta, kisiuguse. Katika daftari lake la kazi aliandika: asubuhi, hatua moja; mchana, hatua moja na theluthi.

Nilidhani hapo amemaliza. Aliniambia bado: singa zote zilikuwa kavu, na kisiwani kuna weupe mkavu na weupe mbichi vikiwa pamoja. Jumamosi iliyofuata tukapanda gari kwenda Handeni kwa Baba, kaka yake mkubwa. Baba alikuwa ameanika mahindi ya vuli juu ya turubai uani, na alikuwa akiyageuza kwa mguu, akiburuza nyayo polepole na kuacha mifereji iliyonyooka.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Umekuja na jicho lako?"

Shangazi akamuuliza anajuaje kwamba mahindi yamekauka. Baba akaokota punje, akaiuma, ikalia. Akachota konzi akaimwaga, akasikiliza. Kosa hapo si dogo, maana mahindi yanayoingia ghalani mabichi hushika sumukuvu. Kisha akasema kwamba kwa kweli haumi wala hasikilizi kwanza, kwanza anatazama. "Punje mbichi inakutazama," alisema. "Iliyokauka imefumba macho." Shangazi akapiga magoti penye mpaka wa mahindi ya jana na ya leo. Alikaa pale mpaka kivuli cha mwembe kikamfikia. Aliona kwamba akisimama na jua mgongoni, mbichi na kavu vinafanana. Akisogea mpaka jua liwe ubavuni na kulielekea kidogo, punje mbichi zinawaka vijicho na kavu zinanyamaza. Akaandika daftarini: jua ubavuni, magoti chini.

Siku ya safari haichaguliwi na likizo, inachaguliwa na mwezi. Shangazi ana jedwali la kupwa na kujaa kwa maji la Bandari ya Tanga, na pembeni mwake ameandika kwa kalamu umri wa mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji ni ya bamvu, yanajaa sana na kupwa sana; mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Kwa pwani yetu, siku za bamvu maji hupwa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Mchanga unaonekana wote, ila jua limekwisha kuwa kali na vivuli vimekufa. Kila siku kupwa huchelewa kwa dakika kama 50, kwa hiyo ukirudi nyuma siku tatu kabla ya mwezi mpevu, unapata maji yanayopwa mnamo saa 2 asubuhi. Mchanga unafunuka wakati jua bado liko chini. Aliizungushia duara siku hiyo, mwanzoni mwa Februari, ndipo akaenda kuomba likizo.

Usiku wa kuamkia safari alifungasha. Mkoba wake ni ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye mfuniko wa kubana. Chini alikunja taulo. Juu yake kamera ikiwa imevingirishwa khanga, lenzi ikitazama juu. Pembeni vifuko vitatu vya chembe, betri mbili na kadi mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikiharibika isipotee safari nzima. Kila kadi ina kipande cha plasta ya hospitali: tupu hukaa uso juu, iliyojaa uso chini, na mkono unaweza kuitambua hata gizani. Kitambaa kikavu kushoto, kitambaa cha maji baridi ndani ya mfuko wake kulia, na filta ya kukata mng'ao wa maji ndani ya kikasha chake. Akafunga mfuniko, akaigeuza ndoo juu chini, akaitikisa kidogo karibu na sikio. Hakuna kilichogonga. Ndoo ya namna hiyo, mashua ikipata msukosuko, huelea.

Tulipita Segera, Hale, hadi Muheza, tukanunua machungwa, tukashika njia ya Pangani. Ndoo ilikaa mapajani mwake njia nzima. Pangani tukavuka mto kwa kivuko hadi Bweni, na maji yale ya hudhurungi yaliyopita chini ya daraja letu yalikuwa yanaingia baharini mbele ya macho yetu. Tukalala Ushongo.

Saa 11 na nusu alfajiri mwezi ulikuwa umekwisha kuzama. Shangazi akamwamkia nahodha, mzee wa makamo ya juu, akamwambia anataka kushukia upande ambao hawatatembea. Nahodha akaelewa bila maelezo. Alizunguka fungu, akazima mashine mbali kidogo, akasukuma kwa upondo mpaka mashua ikagusa mchanga bila sauti.

Kwa dakika kumi za mwanzo Shangazi hakufungua ndoo. Alivua viatu na kutembea ndani ya maji ya ukingoni, mikono nyuma, ili nyayo zake zifutwe na wimbi na mchanga wa juu ubaki bila alama ya mtu. Mimi nikakanyaga alipokanyaga yeye. Aliangalia mahali jua litakapotokea, akaangalia mikunjo ambayo maji yalikuwa yameiacha, akaangalia shakwe waliokuwa wamesimama kwenye ncha ya kaskazini, wote wakiuelekea upepo wa kaskazi. Ndipo akakausha mikono, akafungua mfuniko.

Jua lilipotokea, mikunjo ya mchanga ikapata kivuli, kila mmoja wake. Akapiga magoti. Akavuta pumzi, akaiachia nusu, na katika utulivu ule akabonyeza, kidole kikishuka polepole kama kinachosukuma dawa ndani ya mshipa. Tundu la lenzi lilikuwa f/8. Mwanga aliuongeza kwa hatua moja, kama daftari lilivyosema. Alitazama grafu mara moja tu: kilima kilikuwa karibu na ukuta na hakikuugusa. Baada ya hapo hakuitazama tena mpaka mwanga ulipobadilika.

Anajiwekea mpaka wa picha 36 kwa asubuhi moja. Alianza na Yashica ya mkanda, na mkanda ulikuwa na picha 36, na kila moja ilitoka mfukoni. Nilimwona mara nyingi akiinua kamera na kuishusha. Shakwe waliporuka alipiga mbili. Maji yalipokuwa ya kijani ya kioo juu ya matumbawe, alifunga filta, akaizungusha taratibu mpaka mng'ao ukaondoka na mwamba wa chini ukaonekana, akapiga tatu. Kisha akaenda penye mteremko wa upande wa mashariki, akaketi.

Pale ndipo alipokuwa akielekea tangu Korogwe. Maji yalikuwa yamepwa na kuacha mpaka: juu mchanga uliokwisha kukauka, chini mchanga uliolowa, vyote vyeupe. Jua lilikuwa ubavuni. Alilala karibu kifudifudi, khanga chini ya viwiko. Picha ilikuwa tayari, nilivyoona mimi. Yeye hakupiga. Alikuwa ameona tanga moja mbali sana kusini, ngalawa ya mvuvi, na akakisia kwamba itapita nyuma ya mchanga. Ilichukua zaidi ya nusu saa. Katika muda huo alisogea mara mbili, kila mara kwa upana wa kiganja, maana mpaka wa ubichi ulikuwa ukishuka na yeye akishuka nao. Nahodha, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akanong'ona kwamba jamaa yule sasa atageuza tanga. Tanga likageuka, likashika jua, likawa jeupe la tatu. Shangazi akapiga nne. Akafuta mchanga kiwikoni, akasema, "Basi."

Akairudisha kamera ndani ya khanga, akabana mfuniko, akampa nahodha ndoo aiweke kivulini mwa mashua. Zilikuwa zimebaki picha kumi na moja na hakuzitumia. Akaingia baharini na dera lake, akaelea chali huku masikio yakiwa ndani ya maji. Tulimenya machungwa ya Muheza tukiwa tumekaa maji yakitufika kiunoni, nahodha akituhadithia mivinje aliyoiona utotoni. Shangazi alicheka siku ile kuliko nilivyowahi kumsikia. Hakuwa na deni tena. Saa 5 kisiwa kilikuwa kimebaki nusu ya upana wake, na tulipoondoka hakugeuka nyuma na kamera. Aligeuka na macho tu.

Jioni Ushongo, kabla ya kuoga, alifuta kamera kwa kitambaa cha maji baridi kilichokamuliwa sana, kila kitufe na kila mfereji, kwa maana chumvi ikikauka hula polepole. Kisha kikavu. Kisha vifuko vitatu vipya vya chembe, mfuniko, mpaka asubuhi.

Korogwe alinakili picha mahali pawili tofauti kabla ya kufuta kadi. Aliziacha kwa juma zima bila kuzifungua, ili furaha ya siku ile isimchagulie. Kati ya 25 alibakiza tano, na kati ya tano moja, akaisafishisha Tanga kwenye karatasi isiyong'aa.

Tuliipeleka Handeni. Baba hajawahi kufika kisiwani. Alifuta vidole kwenye shati, akaishika picha kwa pembe, akaisogeza mlangoni penye mwanga. Hakusema lolote kuhusu bahari wala tanga. Alikaa nayo muda mrefu, kisha akapitisha kidole juu ya mchanga bila kuugusa, mpaka kidole kikasimama juu ya ule mpaka.

"Hapa pamefumba macho," alisema. Akashusha kidole kwa unene wa punje moja. "Hapa bado panatazama."